Mtoto "mvivu" wa mazoezi ya muziki: kagueni chombo kabla ya kumkaripia

#1 FundiNyuzi
Wakuu, salaam. Naleta hoja, wapinzani karibuni.

Mtoto akianza kukwepa mazoezi mwezi wa pili au wa tatu, wazazi wengi wana maneno mawili tu: mvivu, au hana kipaji. Mimi nasema kagua chombo kwanza. Vyombo vingi vya wanaoanza hutoka kiwandani havipigiki, na mtoto hana namna ya kujua kwamba maumivu anayoyapata si ya kawaida. Anadhani kasoro ni yake.

Tuchukue gitaa. Pima kwa rula nafasi iliyopo kati ya mgongo wa freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) na tumbo la uzi. Gitaa la nyuzi za nailoni liwe na milimita 3 hivi upande wa uzi mwembamba na 4 upande wa uzi mnene. La nyuzi za chuma, 2 hadi 2.5. Ukikuta 5 au 6, hata mtu mzima atalalamika. Kisha bana uzi kwenye freti ya 3 na utazame juu ya freti ya 1: uzi uwe unakaribia kabisa kugusa, pengo kama unene wa karatasi. Likiwa kubwa, basi kile kipande chenye mifereji ya nyuzi, pale shingo inapokutana na kichwa, kimeachwa juu mno. Hapo kodi (noti kadhaa kwa mpigo) ya F haitoki hata mtoto akeshe, na noti za freti za mwanzo zitapanda kidogo hata kama nyuzi zimetuniwa sawasawa.

Huna rula? Funga kapo, kile kibano kinachobana nyuzi zote kwa pamoja, freti ya 1. Gitaa likiwa jepesi ghafla, mchawi ni hicho kipande, na fundi anakichonga mifereji ikae sawa bila kubadilisha kitu kingine.

Wangapi hukagua hivyo kabla ya kusema mtoto kashindwa?

#2 Mzazi_Zamu
Asante kwa uzi. Violini je? Mtoto ana miaka 7, kapewa ya saizi 3/4 ili "akue nayo". Kila baada ya dakika tano anasema bega linauma.

#3 FundiNyuzi
#2, hapo jibu limeshakaa kwenye swali. Violini hazinunuliwi kama sare ya shule. Mweke chombo begani, anyooshe mkono wa kushoto kando ya shingo ya violini mpaka kwenye kile kichwa kilichojikunja. Vidole vinatakiwa vikizunguke kichwa chote huku kiwiko kikiwa kimekunjika kidogo. Kama anakifikia kwa ncha za vidole mkono ukiwa umenyooka, violini ni kubwa. Wa miaka 7 wengi huangukia 1/4 au 1/2, ila pima mkono, usipime umri.

Saizi zipo 1/16, 1/10, 1/8, 1/4, 1/2, 3/4 na 4/4. Na hizo namba si hesabu ya urefu: mwili wa 4/4 una milimita 356 hivi, wa 1/2 unakaribia 310. Hauko nusu hata kidogo.

Mtoto mwenye violini kubwa huishusha kichwa chini na kuinua bega la kushoto ili isidondoke. Hayo ndiyo maumivu yako. Kidole cha nne nacho hakifiki, anakizoesha kulala. Baadaye ukimletea saizi sahihi, kidole kinaendelea kulala.

#4 Kidole_Cha_Nne
Nimeitwa?

FundiNyuzi ungekuwa daktari, kila homa ungeipima kwa rula. Yote uliyosema ni kweli, lakini wapo watoto wengi wenye vyombo safi kabisa na bado wanakimbia. Tatizo la kwanza ni namna mazoezi yanavyopangwa nyumbani. "Nenda kapige nusu saa" si maelekezo. Mtoto anapiga wimbo kuanzia mwanzo, anakosea baa ya tano (baa ni kile kipande cha noti kati ya mistari miwili ya wima), anarudi mwanzo, anakosea pale pale. Nusu saa ikiisha baa nne za kwanza amezipiga mara ishirini na ile ya tano amejifunza kuikosea vizuri.

Fanya hivi:

Tafuta mahali panapokatika. Chukua noti mbili kabla na mbili baada, basi. Piga polepole mpaka mikono isisite, hata kama metronomu (kile kifaa cha kugonga mapigo) ni mapigo 50 kwa dakika. Ikitoka safi mara tatu mfululizo, ongeza 4. Ikiharibika, rudisha 8. Ukifika mwendo wa wimbo, ndipo uunganishe na baa iliyotangulia. Kazi hiyo haizidi dakika sita, na mtoto anasikia mwenyewe kwamba kuna kitu kimebadilika.

Kwa wimbo mrefu anzieni mwisho: baa mbili za mwisho, halafu nne, halafu nane. Hivyo kila akipiga anaelekea sehemu anayoijua, haelekei shimoni.

#5 Solfa_Kwanza
Mnazunguka mbuyu. Watoto wengi wanakwama kwa sababu wanadaiwa vitu vitatu kwa mpigo: kusoma noti, kuweka vidole, na kutoa sauti ambayo hawajawahi kuisikia kichwani. Kodály, yule mtunzi na mwalimu wa muziki wa Hungaria, alisisitiza kuimba kabla ya kushika chombo, na ndiye aliyebuni zile ishara za mikono za do re mi. Mtoto akiweza kuuimba wimbo, vidole vinakuwa na kitu cha kufuata. Akikosea anasikia mwenyewe, hasubiri mtu aseme.

Jaribuni leo: mwambie mtoto aimbe mstari anaoupiga vibaya. Asipoweza kuuimba, kumwongezea dakika hakusaidii.

#6 Mpiga_Zumari
#5, hoja yako naiunga mkono ila historia hapana. Ishara za mikono alizisambaza John Curwen, Mwingereza wa karne ya 19. Kodály (1882–1967) alizichukua na kuziingiza kwenye ufundishaji wa Hungaria.

#7 Solfa_Kwanza
Sawa mwalimu, imerekebishwa. Hoja imebaki pale pale.

#8 Bi_Metronomu
Shikamooni wakubwa. Swali la kinanda. Mtoto wa miaka 6 ana kibodi ya funguo 61, inakaa juu ya meza ya kulia chakula. Mwalimu analalamika viganja vinaning'inia na mabega yako masikioni. Je, ninunue piano?

#9 Ufunguo_Mweusi
Marahaba. Usinunue kitu kabla hujapima urefu.

Meza ya kawaida ina sentimita 75 hivi. Kibodi inaongeza unene wake, 8 hadi 10. Funguo zinafika 83 au zaidi kutoka sakafuni, wakati za piano halisi zipo 71 hadi 74. Juu ya kiti cha watu wazima mtoto wa miaka 6 anazifikia usawa wa kifua, sasa mabega yasipande yaende wapi?

Tafuta stendi inayoshuka, au pandisha kiti. Ukiwa nyuma yake, kiwiko kiwe usawa wa funguo au juu kidogo, na mkono wa mbele ulale sambamba na sakafu. Akae nusu ya mbele ya kiti. Ukishapandisha kiti miguu itaning'inia, na hilo ndilo linalosahaulika: mtoto asiyekanyaga kitu anajishikilia kwa mgongo na mabega. Weka kigoda au kreti imara chini ya nyayo zote mbili.

Funguo 61 zinatosha kwa mwaka wa kwanza na zaidi. Kinachokosekana ni uzito. Kibodi ambayo ukigonga kwa nguvu au taratibu sauti ni ileile haimfundishi mtoto kupiga kwa sauti ndogo na kubwa. Akifika kwenye piano ya mwalimu vidole vinazama, noti nyingine hazitoki kabisa, halafu anaambiwa hajafanya mazoezi. Kwa hiyo kagua kwanza kama kibodi inaitikia mguso. Baadaye, ukibadilisha, tafuta ya funguo 88 zenye uzito.

#10 FundiNyuzi
Mnaona? Tumerudi kwenye chombo 😄

#11 Kidole_Cha_Nne
Tumerudi kwenye kiti. Kiti si chombo.

#12 Mchochezi
Mimi nina dawa fupi kuliko zenu zote: zawadi. Akipiga siku tano mfululizo, anapata kitu. Watu wazima wenyewe hatufanyi kazi bure.

#13 Mwana_Utafiti
Mchochezi, taratibu hapo. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett walifanya jaribio na watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti, la pili likapewa cheti kwa kushtukizwa, la tatu halikupewa. Siku zilizofuata, wakiwa huru kucheza watakavyo, walioahidiwa ndio waliochora kidogo kuliko wenzao. Kundi la kushtukizwa halikupungua.

Kwa hiyo ahadi ya zawadi inaweza kumgeuza mtoto anayependa violini awe mtoto anayelipwa kushika violini. Siku malipo yakikoma, upinde unawekwa chini.

#14 Mchochezi
Lakini umesema wenyewe walikuwa WANAPENDA kuchora. Wangu mimi hapendi. Atapungukiwa na nini?

#15 Mwana_Utafiti
Hapo umenishika kidogo. Ni kweli, jaribio lilihusu watoto waliokuwa na hamu tayari, halisemi lolote juu ya asiye na hamu. Wapo wanaotumia zawadi kumvusha wiki za mwanzo, wakati sauti bado ni mbaya na hakuna raha yoyote ndani yake, kisha wanaipunguza. Ila nionavyo, ukitoa, toa kwa kazi iliyokamilika (baa nane safi kwa mwendo wa 72), usitoe kwa dakika alizokaa. Ukilipa dakika utapata dakika. Watoto ni hodari wa kukaa na chombo mapajani huku wakitazama saa.

#16 Bi_Metronomu
Na muziki si unaongeza akili? Nimesoma kwamba ukimpigia mtoto Mozart anakuwa na akili zaidi. Hiyo si sababu tosha ya kuvumilia?

#17 Mwana_Utafiti
Hapana, dada. Ile makala ya Rauscher, Shaw na Ky katika jarida la Nature mwaka 1993 ilihusu wanafunzi 36 wa chuo kikuu. Si watoto. Walisikiliza tu, hawakupiga chombo. Walipata nafuu kwenye maswali ya kuwazia maumbo, na nafuu hiyo haikuvuka dakika 10 hadi 15. Yaliyobaki yameongezwa na wauza CD. Ukimpa mtoto chombo, mpe kwa ajili ya muziki.

#18 Mzazi_Zamu
Tumerudisha 3/4, tumepata 1/2. Kichwa anakizunguka vizuri, asante FundiNyuzi. Sasa mpya: violini haitoi sauti! Upinde unateleza tu, kama unafuta meza. Imeharibika?

#19 FundiNyuzi
😄 Haijaharibika. Upinde mpya hauna rosini, yaani ule utomvu mgumu wa kupaka upinde. Singa za farasi peke yake haziushiki uzi, lazima zipakwe.

Tazama kipande cha rosini. Kama uso wake unang'aa kama kioo, hakitoi unga. Kikwaruze kwa msasa laini mpaka kiwe na ukungu mweupe. Kaza upinde, kisha pitisha singa juu ya rosini kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, polepole, mara 30 au 40 kwa upinde mpya. Jaribu, ongeza. Baada ya hapo mara 3 hadi 5 kabla ya kupiga zinatosha, na si lazima kila siku. Ukiona vumbi jeupe linarundikana chini ya nyuzi, umezidisha, na sauti itakwaruza. Lifute kwa kitambaa kikavu kila mkimaliza, likikaa linagandamana na vanishi.

Kukaza: pengo kati ya mti na singa, pale katikati, liwe unene wa penseli. Mti ubaki umepinda kuelekea singa. Ukinyooka umekaza mno, na upinde utarukaruka. Mkimaliza, legeza. Na mtoto asishike singa kwa vidole, mafuta ya ngozi yanafanya pale pasishike rosini tena.

#20 Mzazi_Zamu
Imetoka sauti. Si nzuri, lakini imetoka.

#21 Chapuo
Karibu kwenye mwaka wa kwanza wa violini. Tafuta pamba za masikio.

#22 Sikio_Kavu
Chapuo anatania lakini hilo la masikio lina uzito, hasa kwa wa dramu. Kipimo kinachotumiwa na taasisi ya NIOSH ya Marekani kwa watu kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Desibeli 88, saa 4. Fika 100, umebakiwa na dakika 15. Dramu kwenye chumba kidogo chenye kuta tupu hufika huko bila shida, na mtoto anakaa katikati yake.

Kwa anayeanza dramu, padi ya mpira inatosha miezi ya kwanza: mshiko wa vijiti, mkono mmoja mmoja, kupokezana, maradufu. Mkifikia dramu zenyewe, vifunika masikio vya kukinga kelele, si vya kusikilizia muziki. Violini nayo inalia chini ya sikio la kushoto, msidharau.

#23 Solfa_Kwanza
Tumepotea njia. Hoja ilikuwa kwa nini mtoto anaacha. Hakuna aliyezungumzia mzazi.

Suzuki, yule mwalimu wa violini wa Japani, alikuwa na jibu ambalo wengi hawalipendi: mzazi anakaa darasani, anaandika, anajifunza misingi mwenyewe kwanza, na nyumbani ndiye mwalimu wa siku sita. Mtoto anasikiliza nyimbo zake kila siku kabla hajazipiga. Wala hafundishwi noti.

#24 Mpiga_Zumari
Solfa, leo nakusumbua. Shinichi Suzuki (1898–1998) hakufuta noti. Alizichelewesha mpaka sauti na mkao vikae, kama ambavyo mtoto huongea kwanza na kusoma baadaye. Tatizo linakuja pale mwalimu anapochelewesha mno: mtoto wa miaka 10 anapiga vitabu vitatu kwa kukariri, ukimwekea karatasi mpya anaduwaa. Hapo kiburi kinamzuia kurudi kwenye vinyimbo vya noti tano, na anaacha. Kwa hiyo #5 anasema noti mapema zinawakimbiza, na mimi nasema noti zikichelewa zinawakimbiza pia.

#25 Kidole_Cha_Nne
Kuhusu mzazi, nina mpaka wangu. Chini ya miaka 8, kaa naye. Akivuka 10 au 11, toka chumbani, maana kila akikosea anakutazama wewe badala ya kusikiliza.

Kubwa zaidi: acha kusahihisha ukiwa chumba cha pili. "Umekosea hapo!" kutoka jikoni haimsaidii, kwa sababu alijua. Na badilisha swali. "Umefanya mazoezi?" jibu lake ni ndiyo. "Leo baa gani ilikusumbua? Nionyeshe ilivyokuwa na ilivyo sasa" halijibiki kwa uongo.

Daftari dogo nalo lisaidie. Mwalimu anaandika vitu vitatu, si saba: baa, mwendo wa metronomu, na nini cha kuangalia. Mfano: "baa 9 hadi 12, mwendo 66, kidole gumba kisibane". Mzazi asiyejua muziki kabisa anaweza kusimamia hilo.

#26 Bi_Metronomu
Dakika ngapi kwa miaka 6? Mwalimu kasema 30.

#27 Kidole_Cha_Nne
30 mfululizo ni nyingi kwa umri huo. Ipunguze na uigawe: 10 asubuhi, 10 jioni. Kila siku fupi inashinda Jumamosi moja ya saa mbili, kwa sababu mkono unajifunza pia mtoto akiwa amelala baada ya mazoezi. Ukiruka siku sita, ile ya saba unaanza kukumbusha tu.

#28 Ufunguo_Mweusi
Naongezea, na hapa Kidole atakasirika. Ile "mara tatu safi mfululizo" ni nzuri siku ya kwanza. Siku ya pili na kuendelea, changanya. Kipande A dakika tatu, skeli (ngazi ya noti, do mpaka do) dakika mbili, kipande B dakika tatu, rudi A. Mtoto ataonekana kaharibika, kwa sababu kila akirudi analazimika kukumbuka upya. Lakini kesho yake kilichochanganywa kinabaki zaidi ya kilichorudiwa kwa mkupuo. Watafiti wa kujifunza kwa viungo wamelionyesha hilo mara nyingi. Shida ni kwamba mzazi akisikiliza mlangoni anaona ile ya mkupuo ndiyo inayofaa, kwa sababu ndiyo inayopendeza leo.

#29 Kidole_Cha_Nne
Sikasiriki. Ila usimchanganyie mtoto kitu ambacho bado hakijawa safi hata mara moja. Utakuwa unachanganya makosa.

#30 Mama_Filimbi
Wa filimbi hatuna kwetu? Shule nzima inaanza na filimbi ile ya plastiki, na nyumba nzima inasikia mluzi wa kutoboa masikio. Noti za chini ndizo mbaya zaidi.

#31 Mpiga_Zumari
Mwambie apige noti ya chini, kisha aondoe vidole bila kuvisugua na akuonyeshe ncha zake. Kila kidole kiwe na duara kamili lililochapika kwenye ngozi. Ukiona duara lililokatika, upande huo hewa ilikuwa inavuja, na filimbi inayovuja inaruka kwenda juu. Mara nyingi ni kidole cha pete cha mkono wa kushoto, au gumba lililo nyuma. Mkono wa kushoto ndio unaokaa juu. Watoto wengi hugeuza na hakuna anayewaambia.

Pili, pumzi. Noti za chini zinataka hewa ya uvuguvugu, ndogo, ulimi ukianza kwa "du". Anayepuliza kama mshumaa atapata mluzi tu.

Tatu, na hili huwaponza hata walimu: kuna filimbi za vidole vya Kijerumani na za vidole vya Baroque. Nyingi huwa na herufi G au B mgongoni. Kama hakuna, linganisha tundu la nne na la tano kwa mbele: la tano likiwa dogo kuliko la nne ni ya Kijerumani, likiwa kubwa ni Baroque. Noti ya F ina vidole tofauti kwa kila moja. Mtoto mwenye filimbi ya Baroque na chati ya Kijerumani atapiga F iliyo juu milele, na ataambiwa hana sikio.

Ikiziba kwa mate katikati ya wimbo, weka kidole kwa wepesi juu ya dirisha lile la mbele na upulize kwa nguvu. Ya plastiki ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Ya mti usiitumbukize majini.

#32 FundiNyuzi
Herufi G au B! Chombo tena. Nahesabu.

#33 Mama_Filimbi
Yetu ina B, na chati tuliyopewa ni ya Kijerumani. Duh. Je, baada ya filimbi, klarineti ianze lini? Meno mawili ya mbele yameng'oka mwezi huu.

#34 Mpiga_Zumari
Subiri meno ya ukubwani ya mbele yatoke na yakae imara, miaka 7 au 8 na kuendelea. Klarineti inaegemea meno ya juu, na pia vidole viwe vinene vya kutosha kuziba matundu. Akianza, ulimi wa mwanzi uwe namba 1.5 au 2. Namba 3 itamtoa pumzi na atauma kwa nguvu, midomo itachoka. Awe na tatu au nne za kubadilishana, azikaushe juu ya kitu bapa. Iliyopasuka ncha haina tiba, itupwe.

#35 Mchochezi
Swali la gitaa kabla hatujafika kwenye zeze. Nimebadilisha nyuzi za nailoni kwenye gitaa dogo la mtoto, nimefunga za chuma ili sauti ichangamke. Kosa?

#36 FundiNyuzi
LEGEZA LEO. Sasa hivi, kabla hujajibu.

Nyuzi za chuma zinavuta karibu mara mbili ya nailoni. Gitaa la nailoni halikujengwa kwa hilo, na shingo yake kwa kawaida haina chuma ndani. Itapinda mbele, nyuzi zitanyanyuka, na ile 3 hadi 4 niliyosema #1 itakuwa 6. Daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, nalo litaanza kung'oka kwa nyuma: ingiza kona ya karatasi kati ya daraja na uso, ikiingia gundi imeanza kuachia. Rudisha nailoni.

#37 Kidole_Cha_Nne
Kwa hiyo Mchochezi alimpa mtoto zawadi apige gitaa ambalo kaliharibu mwenyewe 😂

#38 Mchochezi
Nimelegeza. Msinicheke.

#39 Mzazi_Zamu
Nami nimekata uzi wa E wa violini kwa kutumia programu ya simu ya kutuni. Ilikuwa inasema E, nikaendelea kukaza kidogo tu, ukakatika.

#40 Sikio_Kavu
Programu nyingi zinaonyesha jina la noti bila kukazia oktava (kama ni E ya chini au ya juu). Nyuzi za violini ni G 196 Hz (mitetemo kwa sekunde), D 294, A 440, E 659. Tazama namba ya Hz, usitazame herufi peke yake. Uzi ukiwa umelegea unaweza kuonyesha herufi nyingine, mtu anakaza kuifuata E na kuipita bila kujua. Kwa kuanzia tuni A kwanza, halafu zilizobaki uzisikilize zikikaa nayo.

#41 FundiNyuzi
Na ukiweka uzi mpya, badilisha mmoja mmoja. Ukilegeza zote nne, daraja, kile kibao kinachozibeba, linaanguka, na ile nguzo ndogo ya ndani chini ya mguu wa daraja upande wa E nayo inaweza kudondoka. Ikidondoka utaisikia inabiringika tumboni. Hapo usikaze nyuzi kabisa, uso unaweza kupasuka. Peleka kwa fundi.

Kigingi cha kutunia kisukumwe ndani kuelekea kichwani huku ukikizungusha, la sivyo kitarudi nyuma. Ukimaliza tazama daraja kwa ubavu: upande unaoelekea mkiani usimame wima. Kutuni kunalivuta mbele kidogo kidogo. Likiinama, shika kwa mikono miwili na ulirudishe polepole kabla halijalala.

#42 Mwana_Utafiti
Kwa hiyo mpaka sasa tuna: chombo, kiti, namna ya mazoezi, kuimba kwanza, noti mapema, noti kwa kuchelewa, mzazi yupo, mzazi hayupo, na zawadi. Kila mmoja ana mtoto wa kumtolea mfano. Inawezekana watoto wanaoacha hawaachi kwa sababu moja.

#43 Kidole_Cha_Nne
Inawezekana pia wapo wasiotaka chombo hicho, wanataka kingine. Mtoto aliyepewa violini kwa sababu mama aliipenda, wakati anagonga meza kwa vijiko kutwa nzima, anasema kitu.

#44 FundiNyuzi
Vijiko virefu kiasi gani? Nipime.

#45 Chapuo
😂 Samahani kuvamia. Tarumbeta: mtoto kafungua vali (vile vitufe vya kubonyeza) kupaka mafuta, karudisha, sasa hewa haipiti kabisa. Na kile kipande cha mdomoni kimenasa, hakitoki. Nichukue koleo?

#46 Mpiga_Zumari
Koleo weka chini. Litakunja bomba la mdomoni na viungo vilivyounganishwa kwa risasi vitaachia. Kuna chombo maalumu cha kuvutia, mafundi na walimu wa bendi wanacho. Siku nyingine asikigonge kwa kiganja wakati wa kukifunga, akizungushe kidogo tu.

Hewa: vali zina namba 1, 2, 3 zilizochongwa. Namba 1 ni ile iliyo karibu na mpigaji. Ama zimebadilishana nafasi, ama moja imezungushwa. Fungua mfuniko wa juu, toa vali moja, hakikisha namba yake inalingana na ya kifuko chake. Kwenye tarumbeta nyingi namba hutazama upande wa mdomo wa kupulizia. Rudisha taratibu, zungusha mpaka usikie inabofya na isizunguke tena, funga, puliza. Bado imeziba? Nenda ya pili.

#47 Chapuo
Ilikuwa 1 na 3. Inapita. Kipande cha mdomoni atakishughulikia mwalimu Jumatatu.